Kabla hujanunua vipimo, nionyeshe sera yenu ya likizo ya ugonjwa

Mimi ni mtu wa takwimu za afya kazini. Wanaonitafuta ni wenye viwanda, maghala, vituo vya kupokea simu, nyumba za kutunzia wazee, na mara nyingi wanapopiga simu wameshaamua. Wanataka wafanyakazi wapimwe kila wiki, wanataka nitengeneze modeli ya kuonyesha kwamba upimaji huo utazuia maambukizi, na wanataka grafu: mstari mwekundu unaopanda, wa bluu unaoshuka. Grafu hiyo ningeweza kuichora kabla hatujamaliza kuongea. Ukichagua namba zinazokupendeza, mstari wa bluu utashuka tu, hauna ubishi.

Ninachotaka kueleza hapa ni namba zipi zinaushusha kweli. Nitaweka hesabu yenyewe mezani, kwa sababu ni fupi na mtu yeyote mwenye lahajedwali anaweza kuirudia.

Mama wa modeli hizi ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1927 na William Kermack na Anderson McKendrick. Waligawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kutoka katika mzunguko kwa kupona au kufa. Kwa nchi au jiji, mafungu hayo matatu yanafika mbali. Kwa ghala la watu mia mbili hayatoshi, maana ndani ya ghala watu hawachanganyiki kama maji ndani ya beseni. Yupo anayefanya zamu ya usiku tu, yupo anayeshinda peke yake kwenye forklifti, wapo kumi na wawili wanaobanana katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo saa ileile kila siku. Kwa hiyo mimi kila mfanyakazi humpa mstari wake: zamu yake, meza yake, gari analopanda, anaokula nao. Kisha naiambia kompyuta irushe kete, siku kwa siku, mara elfu kadhaa. Namba zilezile za kuanzia huzaa mara moja mlipuko wa watu themanini, mara nyingine mgonjwa mmoja na basi. Mkurugenzi anayetaka jibu moja hapendi kuliona hilo, nami humwonyesha kwa makusudi.

Lakini kabla ya kete kuna hesabu ya karatasi. Tuchukue ugonjwa ambao aliyeambukizwa anaweza kuwaambukiza wenzake kwa siku sita, na tujifanye kwamba siku zote sita zina uzito sawa. Hazina, najua, nitarudi hapo. Tuseme pia kwamba kipimo hakikosei kabisa, na kila mtu anapimwa Jumatatu. Je, upimaji unafuta sehemu gani ya zile siku sita?

Aliyeanza kuambukiza Jumapili jioni ananaswa karibu mwanzoni kabisa. Aliyeanza Jumanne, Jumatatu inayofuata inamkuta keshamaliza siku zake zote na hana tena cha kumpa mtu. Ukijumlisha wote wa katikati, kipimo kamili cha mara moja kwa wiki, majibu yakitoka papo hapo, kinafuta asilimia 43 ya maambukizi ambayo watu hao wangesababisha. Sasa peleka sampuli maabara na majibu yarudi baada ya siku mbili, na katika siku hizo mbili mtu aendelee na kazi. Ile 43 inaanguka hadi 19. Kipimo hakijabadilika wala ugonjwa haujabadilika. Kilichokula zaidi ya nusu ya faida ni bahasha kukaa njiani.

Halafu chukua kipimo dhaifu cha haraka, kinachonasa wagonjwa 70 tu katika kila 100, majibu ndani ya robo saa, mara mbili kwa wiki kwa nafasi sawa. Kinafuta asilimia 53. Yaani kile ambacho daktari wa maabara angekikunjia uso kinakishinda karibu mara tatu kile kamili kinachochelewa. Anayekikwepa leo ana nafasi ya kunaswa siku tatu au nne baadaye, na aliyenaswa anatoka kazini dakika ileile.

Si ugunduzi wangu. Daniel Larremore na wenzake walilionyesha jambo hili kwa virusi vya korona mwaka 2020, kwa modeli iliyofuata jinsi wingi wa virusi unavyopanda na kushuka mwilini: wingi wa kupima na wepesi wa majibu una uzito kuliko ukali wa kipimo. Waliokuwa wakibishana miezi mizima kuhusu kipimo kipi kinanasa 95 na kipi 98 walikuwa wanabishana juu ya nukta za mwisho.

Na lini unapima nako kuna maana yake. Nimewahi kukuta mahali wanapima mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumanne, kwa kuwa siku hizo muuguzi alikuwepo. Kwenye hesabu yetu ya kipimo kamili cha papo hapo, Jumatatu na Alhamisi zinafuta asilimia 70; Jumatatu na Jumanne zinafuta 56. Gharama ni ileile, vijiti vya kuchukulia sampuli puani ni vilevile, na sehemu ya tano ya faida inapotea kwa sababu ya ratiba ya mtu mmoja.

Nilisema siku sita hazina uzito sawa. Kwa korona, utafiti wa mwaka 2020 katika wagonjwa na waliowaambukiza ulikadiria kwamba asilimia 44 ya maambukizi hutokea kabla anayeambukiza hajaona dalili yoyote. Hilo peke yake ndilo linalofanya upimaji wa wasio na dalili uwe na maana. Ugonjwa ambao watu huambukiza wakiwa tayari hoi kitandani hauhitaji kijiti, unahitaji ruhusa ya kulala nyumbani. Na hata PCR, kipimo cha maabara kinachoheshimiwa kuliko vyote, mwanzoni ni kipofu. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo uliona kwamba siku ya kwanza baada ya kuambukizwa hukosa karibu wote, siku ya nne hukosa 67 katika 100, siku dalili zinapoanza 38, na hata siku tatu baada ya hapo bado 20. Baadaye tabia hiyo inageuka: PCR huendelea kusema "unao" kwa wiki kadhaa wakati mtu hamwambukizi tena yeyote. Kwa hiyo anayenionyesha cheti cha PCR cha juzi hajanionyesha mengi.

Ili msidhani nacheza na namba za kujitungia: kundi la Imperial College London, wakiongozwa na Nicholas Grassly, walikadiria mwaka 2020 kwamba kuwapima wahudumu wa afya kila wiki kwa PCR, majibu yakirudi ndani ya saa 24, kungepunguza mchango wao katika maambukizi kwa asilimia 23 hivi. Ukiweka kuchelewa kwa siku moja kwenye hesabu yangu ya karatasi unapata 30. Tofauti inaeleweka. Wao walihesabu faida inayoongezeka juu ya ile ya watu kubaki nyumbani wakiona dalili, na PCR yao ilikuwa na upofu wake wa mwanzo. Yangu haijui dalili na haina upofu. Karatasi iliyotoka kwa bahati nzuri karibu hivyo na modeli kubwa inatosha kufikiria nayo.

Hesabu hii yote inategemea upana wa dirisha, yaani zile siku ambazo mtu anaambukiza, na kila ugonjwa una dirisha lake. Kwa mafua makali, ambayo mtu humwambukiza mwenzake na mwenzake akawa tayari kuambukiza wengine ndani ya siku chache, kupima kila wiki ni kufika sokoni watu wameshatawanyika. Kwa kifua kikuu, ambacho mtu anaweza kukohoa nacho miezi kabla hajagunduliwa, kupima kila wiki ni vichekesho, ila uchunguzi wa mara moja au mbili kwa mwaka una kazi ya kufanya. Nimeshaombwa "modeli ya upimaji" bila mtu kunitajia ugonjwa gani. Nikauliza. Akasema, wowote.

Kuna upande mwingine ambao wakubwa huuona haraka na wafanyakazi huuona haraka zaidi: wazima wanaoambiwa ni wagonjwa. Weka watu elfu moja, kumi kati yao wana maambukizi. Kipimo kinanasa saba. Kama kinawakosea wazima nusu asilimia tu, kitawaambia watu watano wazima kwamba wanao. Kwa hiyo kati ya kumi na wawili waliotolewa kwenye mstari, watano hawana kitu. Ugonjwa ukipungua mpaka wabaki wawili tu katika elfu, wazima waliokosewa wanakuwa wengi kuliko wagonjwa walionaswa, na kipimo ni kilekile. Nimeona watu wakikosa imani na mpango mzima kwa ajili ya hilo, na siwalaumu. Dawa yake ipo: aliyekutwa nao apimwe tena siku hiyohiyo kwa kipimo kikali, na siku hiyo ihesabiwe ameifanyia kazi. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa.

Wanaobana matumizi huniuliza kuhusu kuchanganya sampuli. Wazo ni la Robert Dorfman, mwaka 1943, wakati jeshi la Marekani likipima kaswende kwa maelfu ya waandikishwa: changanya damu za watu kadhaa, pima mchanganyiko, ukiwa safi wote safi, ukiwa na tatizo pima mmoja mmoja. Maambukizi yakiwa asilimia moja, makundi ya watu kumi na mmoja yanakufikisha kwenye vipimo kama 20 kwa kila watu 100. Rwanda ilitumia kuchanganya sampuli wakati wa korona, na mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi huko, Leon Mutesa na Wilfred Ndifon wakiwamo, walichapisha njia ya kupanga sampuli kama kwenye pande za mchemraba ili mwenye virusi apatikane bila kurudia mzunguko baada ya mzunguko. Napenda sana hesabu ile. Kwa kazini, hata hivyo, kila mzunguko wa maabara unaoongezeka ni saa zinazoongezeka, na mmeshaona saa zinafanya nini. Kama kuchanganya kunakuwezesha kupima mara mbili badala ya moja, changanya. Kama kunakuletea majibu keshokutwa, acha.

Sasa nifike kwenye namba yenyewe.

Tuseme mahali pa kazi pasipo upimaji kila mgonjwa huambukiza wastani wa 1.5. Wagonjwa kumi wa kwanza, vizazi vitano vya maambukizi baadaye, wanakuwa 76 katika kizazi hicho cha tano. Leta kile kipimo dhaifu cha mara mbili kwa wiki: 1.5 inakuwa 0.7, na kizazi cha tano kina watu wasiofika wawili. Mlipuko umezimika. Hii ndiyo grafu wanayoitaka, na wengi wa wanaouza vipimo huishia hapa.

Lakini hapo nimedhani kila mtu anapimwa, na kila anayekutwa nao anaondoka na haonekani tena mpaka apone. Badili jambo moja. Wanaojitokeza kupimwa ni 60 kwa 100: wengine wako zamu ya usiku ambako hakuna wa kuwapima, wengine wana sababu zao. Ile 0.7 inapanda mpaka kugusa 1.03. Kizazi cha tano kina watu kumi na mmoja. Ugonjwa haufi, unatambaa. Badili na la pili: kati ya waliokutwa nao, nusu tu ndio wanaokaa nyumbani kweli. Tunafika 1.26, na kizazi cha tano kina watu 32. Vipimo ni vilevile, vimenunuliwa kwa bei ileile, na mlipuko unaendelea kukua.

Hapo sasa meneja huniambia: basi tununue kipimo bora. Sawa, tununue. Badala ya kinachonasa 70, chukua kinachonasa 90. Ile 1.26 inashuka mpaka 1.21. Rudisha kipimo dhaifu, lakini fanya waliokutwa nao wakae nyumbani 90 kwa 100 badala ya 50: tunapata 1.07. Fanya pia 90 kwa 100 wajitokeze kupimwa: 0.86. Chini ya moja. Kila anayeuleta ugonjwa kutoka nje anaishia kwenye mnyororo wa watu saba hivi kwa wastani, yeye akiwamo, halafu unakatika wenyewe.

Namba mbili ndizo zilizofanya kazi hiyo, na hakuna hata moja inayosomwa kwenye boksi la vipimo. Anayejitokeza na anayekaa nyumbani ni mtu mmoja, na anafikiria jambo moja. Nililisikia likisemwa wazi kuliko nilivyowahi kuliandika, kwenye kikao cha kamati ya usalama, na mpakizi wa zamu ya usiku aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Wananiita dokta mle ndani, nami nimechoka kukanusha. Akasema, "Dokta, mimi nalipwa kwa siku. Nikipimwa nikakutwa nao, nimejisimamisha kazi kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa wewe uliyesoma, niambie, ungejipima?" Msimamizi wake akacheka kidogo, kile kicheko cha kutaka mambo yapite. Mimi nilikuwa na lahajedwali limefunguka ukutani, na katika safu ya wanaojitokeza kulikuwa na namba 95, ambayo uongozi ndio ulionipa. Nikaifuta mbele yao wote nikaandika 50, tukaangalia mstari wa bluu ukigeuka na kuanza kupanda. Sijawahi kupata kielelezo kizuri kuliko kile.

Anachokisema mpakizi yule kina historia ndefu. Mary Mallon alikuwa mpishi katika nyumba za matajiri huko New York. Mwaka 1907 mhandisi wa afya George Soper aligundua kwamba familia alizopikia zilifuatwa na homa ya matumbo, na vipimo vikathibitisha kwamba Mary mwenyewe, ambaye hakuwa na dalili, alikuwa anatoa vimelea. Wakamtenga kisiwani. Mwaka 1910 wakamwachia kwa ahadi kwamba hatapika tena kwa ajili ya watu. Akapewa kazi ya kufua, ambayo malipo yake yalikuwa kidogo kuliko ya upishi. Mwaka 1915 wakamkuta tena jikoni, safari hii katika hospitali ya wazazi, akipika kwa jina jingine. Wakamrudisha kisiwani na hakutoka tena mpaka alipofariki mwaka 1938. Watu husimulia habari hii kama habari ya mwanamke mkaidi, na mkaidi alikuwa kweli. Vipimo alivikataa kwa nguvu. Ila kama mtu wa modeli mimi naona mpango wa upimaji uliofaulu kwa asilimia mia moja katika kugundua, kisha ukamwachia mtu aliyegunduliwa atafute mwenyewe namna ya kuishi na mshahara uliokatwa.

Au chukua University of Illinois Urbana-Champaign, Marekani, mwaka 2020. Chuo kiliwarudisha wanafunzi mwezi Agosti kwa mpango wa kupima kila mtu mara mbili kwa wiki kwa mate, kipimo walichokibuni wenyewe, na kikawa na modeli iliyoandaliwa na wanafizikia wa palepale. Ilikuwa kazi nzuri. Waliingiza hata sherehe za wanafunzi kwenye modeli. Wasichoingiza ni kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa anao angekwenda kwenye sherehe hivyohivyo. Wagonjwa wakaongezeka haraka ndani ya wiki za mwanzo, chuo kikabana masharti na kuharakisha kuwafikia waliokutwa nao, idadi ikashuka. Vijana wale hawakuwa wanapoteza ujira wowote. Kama starehe tu ilitosha kupinda mstari, fikiria kodi ya nyumba.

Slovakia walilitatua suala la kujitokeza kwa nguvu. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2020 walipima karibu nchi nzima kwa vipimo vya haraka, zaidi ya watu milioni 3.6 katika raundi ya kwanza. Asiyepimwa alitakiwa kubaki nyumbani, hata kazini haendi. Na aliyekutwa nao alikaa nyumbani pamoja na wote anaoishi nao. Katika wilaya zilizopimwa mara mbili, kiwango cha maambukizi kilishuka kwa asilimia 58 ndani ya wiki moja. Waliochambua matokeo hayo walisema wazi kwamba kulikuwa na makatazo mengine wakati huohuo na si rahisi kuyatenganisha, na kwamba modeli yao haikuweza kufikia punguzo kubwa namna ile bila kuhesabu kule kuwatenga watu wa nyumba nzima. Yaani hata pale, kijiti kilikuwa ni mlango tu. Kilichokuwa ndani ni watu kukaa nyumbani. Kwa mwajiri ambaye hana polisi, njia iliyobaki ya kuwafanya watu wakae nyumbani ni kuwalipa.

"Ni gharama kubwa." Najua, nimeshaambiwa. Basi tuhesabu kwa siku za kazi, ili pasiwe na ubishi wa fedha. Mahali pa watu 200. Bila upimaji wowote, kwa ile 1.5, mlipuko ukishashika utawapitia kama watu 117 kabla haujaisha. Kwa mpango wa vipimo bila malipo ya likizo, ule wa 1.26, utawapitia kama 76. Kila mmoja akikosa kazi siku tano, hizo ni siku 380, ziwe zimelipwa au hazijalipwa. Mashine inasimama vilevile. Kwa mpango wa 0.86, kila anayeuleta kutoka nje anagharimu kama watu saba mara siku tano, siku 35. Ongeza wazima wawili kwa wiki watakaokosewa na kipimo na kupoteza siku moja wakisubiri kuthibitishwa. Wanaouleta wakiwa watano katika msimu, bado hujafika theluthi mbili ya zile 380. Mhasibu mmoja aliiangalia hesabu hii muda mrefu akasema watu watajifanya wagonjwa. Nikamwuliza mtu anajifanyaje kwa kipimo ambacho anakifanya mbele ya muuguzi. Hakuniongelesha tena siku hiyo.

Kuna jambo ambalo wastani wangu unalificha, na ndilo linalonipeleka kwenye ile modeli ya mtu mmojammoja. Nikisema 90 kwa 100 wanajitokeza, hesabu ya karatasi inadhani wale kumi waliobaki wametawanyika. Katika maisha hawatawanyiki. Wasiojitokeza huwa ni wa zamu moja, wa mkataba mmoja, wanalala bweni moja, wanapanda gari moja. Kati yao wenyewe ile 1.5 haijaguswa kabisa. Kwenye modeli unaona wazi: ofisini juu kunatulia, mstari wa kwanza wa uzalishaji unatulia, na kona moja ya jengo inaendelea kuwaka na kurushia cheche kwa wengine kila wiki. Meneja anaona wastani umeshuka anadhani kazi imekwisha. Vivyo hivyo kwa kipimo: wale wagonjwa 30 kwa 100 ambao hakiwanasi, nimedhani ni bahati mbaya inayorushwa upya kila mara. Kama ni mtu yuleyule anayejipenyeza kijiti puani kidogo tu kila asubuhi ili amalize, hatanaswa Jumatatu wala Alhamisi, na kuongeza siku za kupima hakumsaidii yeyote.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniomba modeli, namtumia kwanza karatasi ya maswali, na ya ugonjwa ni machache. Aliyekutwa nao analipwa siku ngapi, na kuanzia siku ya ngapi? Analipwa mshahara wote au sehemu? Anahitaji barua ya daktari, na barua hiyo ataipataje bila kutoka nyumbani? Akikosa siku tano, posho ya mahudhurio inakatwa? Zamu ya usiku inapimwa na nani, saa ngapi, na muda huo ni wa kazi au ni wake? Nani anaona majibu? Kuna mahali majibu yalikuwa yanabandikwa ubaoni kwa majina, na walishangaa kwa nini watu wanaumwa vichwa kila Jumatatu.

Karatasi ya mwisho niliyorudishiwa imejazwa vizuri kuliko zote nilizowahi kupokea. Siku tano, mshahara wote, kuanzia siku ya kwanza, posho haiguswi. Nikaihesabu orodha ya majina, nikailinganisha na idadi ya makabati kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, ambayo walikuwa wameniletea kwa ajili ya modeli. Makabati ni mengi kuliko majina, kwa karibu robo. Nikauliza. Hao ni wa wakala, wakanijibu, hatuwalipi sisi. Wako zamu ya usiku. Nimewaandikia kwamba wakala naye ajaze karatasi yake, na mpaka itakapofika nimeandika sifuri kwenye safu yao.